Leviathan, Ramuh na Shiva: kwa nini mwitaji wa Final Fantasy XIV bado anawasubiri

SWALI: Nacheza Final Fantasy XIV, gemu ya mtandaoni, na kazi yangu ni Summoner, yaani mwitaji: mpiganaji anayeita viumbe wamsaidie vitani. Kila nyongeza mpya ya gemu ikikaribia, wenzangu husema safari hii viumbe Leviathan, Ramuh na Shiva wanakuja na mwitaji atakamilika. Wengine wana hoja za hadithi, wengine wanadai kuna mafaili yamechimbuliwa, wengine wanakwambia tu lisemwalo lipo. Je, dhana hii ina mashiko? Na mbona viumbe wetu hutokea kidogo tu wakaondoka, hawakai nasi vitani kama mashetani wa Warlock, mchawi wa gemu nyingine ya World of Warcraft?

JIBU: Ndugu yangu, hadithi ya gemu inawaruhusu kabisa watatu hao waje, na siku wakija nitafurahi sana. Kinachowazuia ni muda. Mapigano ya Summoner yamejengwa juu ya dakika moja inayojirudia, na nafasi kubwa ndani ya dakika hiyo tayari zina wenyewe. Kwa hiyo ukisikia tetesi ya kiumbe mpya, swali la kama anafaa kihadithi liweke kando kwanza. Uliza atakaa wapi ndani ya ile dakika, na nani atampisha.

Nianze na hadithi hata hivyo, maana ndiko mashabiki wengi wanakoanzia. Katika nchi ya Eorzea, primali halisi, yaani viumbe wenye nguvu wanaoabudiwa kama miungu, huitwa kwa maombi ya watu wenye imani pamoja na etha nyingi, nguvu ya uhai ya dunia hiyo, ambayo kwa kawaida hutoka kwenye fuwele. Kati ya makabila ya huko, Amalj'aa humwita Ifrit, kobold humwita Titan, Ixal humwita Garuda, Sahagin humwita Leviathan na sylph humwita Ramuh. Shiva aliitwa na Ysayle, aliyemkaribisha ndani ya mwili wake mwenyewe. Primali akishasimama hunyonya etha ya ardhi, na walio karibu naye hutekwa akili wakawa watumwa wake.

Mwitaji hafanyi hivyo. Y'mhitra, anayetuongoza katika misheni za kazi hii, anafundisha sanaa ya zama za Allag: aliyesimama mbele ya primali akamshinda hubaki na mabaki ya etha ya primali huyo mwilini mwake, na anaweza kuyatoa na kuyapa umbo dogo linalomtii. Umbo hilo ndilo egi. Sharti lake ni moja tu, uwe umekutana na primali huyo ukatoka hai. Nalo tumelitimiza zamani. Leviathan tulimpiga katika toleo la 2.2 Machi 2014, Ramuh katika 2.3 Julai mwaka huohuo, Shiva katika 2.4 mwezi Oktoba. Wote watatu tukawakuta tena kwenye mapigano ya Eden kati ya 2019 na 2020. Etha yao tunayo, tena ya kutosha. Anayesema hadithi inawakataa hajaisoma.

Kuna kundi jingine la mashabiki linalokisia kwa kufuata visasili vya zamani. Wao husema Leviathan anatajwa kwenye Biblia, Bahamut yumo kwenye simulizi za Waarabu, basi lazima wataunganishwa kwa namna hii au ile. Njia hii hupotosha. Mfululizo wa Final Fantasy huchukua jina kisha ukaumba kiumbe wake mwenyewe. Bahamut wa simulizi za Waarabu ni samaki mkubwa mno anayebeba dunia, ilhali wa gemu ni joka. Shiva wa Wahindu ni mungu mwanamume, wa gemu ni mwanamke wa barafu. Hata Ifrit, ambaye sisi tumemjua kama afriti tangu hadithi za Alfu Lela Ulela, ndani ya gemu ni mnyama wa moto mwenye mapembe, hana ujanja wa majini tunaowajua. Visasili havitakuambia lolote kuhusu nyongeza ijayo.

Kinachosema zaidi ni yale ambayo mwitaji amepewa tangu mwaka 2013, gemu ilipozinduliwa upya kwa jina la A Realm Reborn. Alianza na egi watatu, Garuda, Titan na Ifrit, na kikomo cha leveli kilikuwa 50. Mwaka 2015 kikomo kikapanda hadi 60, naye akapata Dreadwyrm Trance, yaani kuvaa nguvu ya Bahamut kwa muda mfupi. Mwaka 2017, kwa leveli ya 70, Bahamut akaja mwenyewe kwa umbo la Demi-Bahamut. Mwaka 2019, kwa leveli ya 80, akaongezwa Phoenix. Nyongeza ya Endwalker ya Desemba 2021 iliijenga kazi nzima upya, na kwa leveli ya 90 Ifrit, Titan na Garuda wakapata maumbo yao makubwa kamili. Kisha Dawntrail ya Julai 2024 ikaleta Solar Bahamut kwa leveli ya 100.

Katika mfuatano huo wote hakuna hata mara moja ambapo primali mpya wa asili, wa maji au barafu au radi, aliongezwa kwa wale watatu wa mwanzo. Kila zawadi ilikuwa ama mtu wa nyumba ya Bahamut, ama Phoenix ambaye naye tulimkuta ndani ya mfululizo wa mapigano wa The Binding Coil of Bahamut, ama wale wale watatu wamekuzwa. Kabla ya Dawntrail nilisoma makisio mengi mazuri ya mashabiki, yenye michoro na majina ya mapigo, na karibu yote yaliwataja Leviathan, Ramuh na Shiva. Akaja Bahamut tena. Naelewa kwa nini waliumia. Lakini ukiitazama ile dakika kwa makini, utaona kwa nini watengenezaji walielekea huko.

Twende taratibu hapa, maana ndipo penye jibu. Kila sekunde 60 unamwita mmoja wa wale wakubwa, Bahamut, Phoenix au Solar Bahamut, naye anakaa sekunde 15. Akiondoka anakuachia vito vitatu, chekundu cha Ifrit, cha manjano cha Titan na cha kijani cha Garuda, uvitumie kwa mpangilio unaoutaka. Titan anakupa mapigo manne ya papo hapo, na kila moja huchukua sekunde 2.5, jumla kumi. Garuda anakupa mapigo manne ya haraka ya sekunde 1.5 kila moja, pamoja na Slipstream inayokulazimu kusimama mahali pamoja ukiitamka, jumla kama sekunde tisa na nusu. Ifrit anakupa mapigo mawili mazito ya kutamka, kisha Crimson Cyclone inayokurusha hadi miguuni mwa adui na Crimson Strike inayoifuata, jumla kama sekunde kumi na moja.

Jumlisha. Sekunde 15 za mkubwa, takriban 30 za watatu wadogo, na kama 10 za kuwaita wote wanne, maana kila mwito nao huchukua sekunde 2.5, zinafika kama 55. Katika dakika zinabaki kama sekunde 5 za kujaza na Ruin, yale mapigo ya kawaida. Sasa wachukue Leviathan, Ramuh na Shiva, uwape kila mmoja sekunde zake kumi. Unahitaji 30, na unazo kama 5. Hawaingii. Hata ukiondoa Ruin zote, hawaingii, na ukiziondoa zote umemnyima mchezaji ule upenyo wa kurekebisha makosa bosi anapomkatiza. Mimi nazithamini Ruin zile kuliko watu wanavyozithamini, kwa sababu ndizo zinazomfanya mwitaji asipoteze kiumbe wake hata pambano likivurugika.

Kwa hiyo dhana ya "wataongezwa juu ya waliopo", ambayo ndiyo inayopendwa zaidi, ndiyo dhaifu kuliko zote. Zinabaki njia mbili zenye mantiki.

Ya kwanza ni zamu. Dakika moja unawapata Ifrit, Titan na Garuda, dakika inayofuata unawapata Leviathan, Ramuh na Shiva. Kimuundo inawezekana, kwa sababu wakubwa tayari wanakwenda kwa zamu. Ukiwa leveli ya 100 mpangilio ni Solar Bahamut, kisha Bahamut, kisha Solar Bahamut tena, kisha Phoenix. Mashabiki walioiona njia hii wameona mbali, ila kuna kikwazo wanachokisahau. Searing Light, baraka inayoongeza madhara ya kundi zima, hupatikana kila sekunde 120, na kazi nyingine nyingi nazo zimepangiwa dakika mbili hizohizo. Solar Bahamut ameketishwa makusudi kwenye dakika ya baraka. Ukiweka watatu wapya kwenye dakika nyingine, watakuwa wanapiga wakati kundi halina baraka, na wachezaji wataanza kusema Shiva ni dhaifu kuliko Ifrit. Ukiwaweka kwenye dakika ya baraka, unawashusha hadhi wale wa zamani. Suluhisho lipo, ni kupima nguvu za mapigo kwa uangalifu, lakini ni kazi ya kweli.

Ya pili ni kuchagua. Nafasi inabaki ileile, ila unaamua nani aikalie: kito chekundu kimwite Ifrit au mwingine, kwa nguvu zilezile. Hii ndiyo rahisi kuliko zote kwa upande wa mizani, na gemu iliwahi kufanya jambo la aina hiyo kwa amri ya egiglamour, iliyomruhusu mchezaji ambaye hataki sura ya egi aonyeshe Carbuncle, kile kiumbe kidogo cha mwanzo cha mwitaji, badala yake. Wapo watakaosema huku ni kubadilisha nguo tu. Ni kweli, lakini kuna wachezaji waliomsubiri Shiva tangu 2014 ambao wangelipokea kwa mikono miwili, na sioni sababu ya kuwabeza.

Sasa swali lako la pili, kwa nini viumbe hawakai. Zamani walikaa. Kabla ya Endwalker egi alikuwa anakufuata kila mahali, anapigana kwa akili yake au kwa amri zako. Titan-Egi alikuwa ngao yako ukiwa peke yako, Ifrit-Egi alipigana kwa karibu, na Garuda-Egi alikuwa na Contagion, iliyorefusha muda wa sumu zako kwa sekunde 15. Mwitaji wa enzi hizo alikuwa kwa kweli bwana wa sumu: Bio, Bio II na Miasma kwa adui mmoja, Bane ya kuzisambaza kwa wengine, Fester ya kuzivuna. Kiumbe alikuwa msaidizi. Wapo wanaoikumbuka kazi ile kwa mapenzi makubwa, na wana haki, kwani ilihitaji akili.

Shida ilikuwa kiumbe mwenyewe. Chukua Demi-Bahamut wa mwaka 2017. Alikaa sekunde 20, na kila ulipotamka pigo lako naye alijibu kwa Wyrmwave. Amri yako ilisafiri hadi kwenye seva, kisha kiumbe akaanza lake. Ukiagiza Akh Morn, pigo lake kubwa, wakati hajamaliza Wyrmwave, au mwishoni mwa muda wake, pigo lingeweza kupotea hewani: amri imetumika, madhara hayakutokea. Kwa aliye karibu na seva ilikuwa kero. Kwa sisi tunaocheza kwenye seva za Ulaya tukiwa Dar es Salaam au Nairobi, na intaneti inayoyumba saa za jioni, ilikuwa ni kuhesabu mapigo yaliyopotea kila pambano. Muundo wa 2021 uliondoa sehemu kubwa ya hayo. Ifrit anatokea, anashusha Inferno, anakuachia mapigo yake uyapige kwa mkono wako mwenyewe, anaondoka. Carbuncle anarudi kusimama pembeni, wala hashambulii. Nguvu imehama kutoka kwa kiumbe kwenda kwa mwitaji.

Unaweza kusema uitaji umepungua, na hapo sitabishana nawe sana. Ila usidhani World of Warcraft imebaki ilivyokuwa. Warlock wa 2004 alikuwa na shetani mmoja wa kudumu: imp, voidwalker, succubus au felhunter. Wale wakubwa walikuwa hatari kweli. Infernal ulimtawala kwa muda, utumwa wake ukiisha alikugeukia wewe. Ritual of Doom ilihitaji watu watano na mmoja wao, bila kujulikana nani, alikufa kama kafara ili doomguard atokee, na usipomtawala mara moja aliwashambulia mliomwita. Ilikuwa ya kusisimua, na hakuna kundi makini lililoitegemea katikati ya pambano la bosi. Tangu nyongeza ya Legion ya 2016, Warlock wa tawi la Demonology hupata madhara yake mengi kutoka kwa mashetani wa sekunde chache, mfano Dreadstalkers, na mwaka 2018 akaongezwa Demonic Tyrant anayekaa sekunde 15. Shetani wa kudumu yupo bado, lakini uzito wa pambano uko kwa wanaokuja na kuondoka. Gemu mbili zinazoshindana, na zote zimeelekea upande mmoja, kwa sababu kiumbe wa kudumu hukwama kwenye kona, hufa kwenye moto wa bosi na huchelewa kutii.

Kwa aliyechoka na hali hiyo, Final Fantasy XI bado inachezwa. Imekuwapo tangu 2002, na Summoner wake ndiye mwitaji wa kweli niliyewahi kumwona kwenye gemu ya mtandaoni. Leviathan, Ramuh na Shiva wote wamo humo, na kila mmoja unamwendea mwenyewe na kumshinda katika jaribio lake ndipo akubali kukutumikia. Akishatokea anakaa, lakini anakula MP yako, yaani akiba yako ya nguvu za uchawi, kila anapoendelea kusimama, na ukiishiwa anaondoka. Huko gharama ya kumwita inasikika mwilini. Cha kupendeza ni kwamba Bahamut, ambaye kwenye XIV tumepewa mara mbili, kwenye XI mchezaji hawezi kumwita kabisa. Timu za mfululizo mmoja zimegawa viumbe walewale kwa njia zinazopishana, jambo linaloonyesha kwamba hakuna sheria ya juu inayosema mwitaji lazima awe na wale sita.

Turudi XIV, maana kuna ushahidi ambao watabiri wengi wanauruka. Nguvu za wale watatu zilikwisha kutolewa, kwa kazi nyingine. Blue Mage, aliyeingia Januari 2019, anaweza kujifunza Shock Strike ya Ramuh, Veil of the Whorl ya Leviathan na Glass Dance ya Shiva, sambamba na Eruption ya Ifrit, Mountain Buster ya Titan na Feather Rain ya Garuda. Wote sita wamo. Naye Pictomancer wa 2024 huchora viumbe hewani na kuwatuma: anaanza na Mog of the Ages, na akifika leveli za juu anamtoa Madeen kwa Retribution of the Madeen. Madeen ni jina la kiumbe wa kuitwa katika gemu za awali za mfululizo huu, na amekabidhiwa mchoraji. Mwitaji wa miaka ile ya makisio hakuwahi kufikiri angepitwa na rangi na brashi. Nasema hivi ili uone kwamba watengenezaji hawamtazami Summoner kama mwenye haki ya kila kiumbe maarufu. Wanamgawia kila mmoja pale anapofaa kwa mapigano ya kazi husika.

Kuhusu mafaili, kuwa makini. Mtu akikuonyesha kwamba jina la Shiva limo ndani ya faili za gemu, hajakuonyesha kitu. Shiva ni bosi, umbo lake na sauti yake lazima viwemo. Vivyo hivyo Tidal Wave, Judgment Bolt na Diamond Dust: ni mapigo yao ya mwisho wakiwa mabosi, yamo tangu 2014. Ushahidi ambao mimi ningeusikiliza ni ikoni ya pigo jipya iliyo chini ya kazi ya Summoner, au kito cha nne kwenye ile picha ya vito ya skrini, ile inayoonyesha vipi bado hujavitumia. Hicho cha pili ndicho kizito zaidi, kwa sababu nafasi mpya haiwezi kuongezwa bila kuguswa picha hiyo.

Na taarifa rasmi za kazi hutoka kwenye Fan Festival, tamasha la mashabiki wa gemu, na matangazo ya moja kwa moja ya mtayarishaji Naoki Yoshida. Kabla ya Dawntrail, kwa mfano, kazi mpya ya Viper ilitangazwa London Oktoba 2023 na Pictomancer Tokyo Januari 2024, kisha video ya kazi zote ikafuata karibu na uzinduzi. Katika video kama hiyo kila kazi hupewa sekunde chache tu. Unapoitazama kwa ajili ya Summoner, punguza mwendo. Angalia kwanza mkubwa anapoondoka vinabaki vito vingapi, na rangi zake ni zipi. Kisha angalia kama mchezaji wa video anatamka Ruin mahali popote. Akiwa hatamki hata moja, ujue ile dakika imepangwa upya, na hapo ndipo nitakapoanza kuamini kwamba Leviathan yuko njiani.